Kompyuta ya mezani inapozidi joto: chanzo, vipimo na hatua za kuchukua kabla ya kununua nyingine

Kompyuta inayozimika yenyewe katikati ya kazi huwatia hasara watu wengi kwa mara moja. Kwenye steshenari ya kijijini, fomu ya mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo inapotea kabla haijatumwa. Kwenye ofisi ya chama cha ushirika, orodha ya kilo za wakulima inabidi iandikwe upya. Shuleni, kipindi cha somo kinaisha wanafunzi wakitazama kioo cheusi.

Mwenye kompyuta akiuliza, mara nyingi huambiwa moja kati ya mambo mawili: umeme ni mbovu, au prosesa imeungua, nunua nyingine. Yote mawili hutokea. Lakini kwenye maeneo yenye vumbi na jua kali kuna chanzo cha tatu kinachofaa kuangaliwa kwanza, kwa sababu kukiondoa hakugharimu sana: joto lililokosa njia ya kutoka.

Katika makala haya tunaeleza joto hilo linatoka wapi, namna ya kulipima, na hatua za kufuata kwa mpangilio, kuanzia ile isiyohitaji hata shilingi.

Kwa ufupi

- Prosesa ya kompyuta ya mezani ikiwa kazini kwa kawaida huwa kati ya nyuzi joto 50 na 75. Ikizidi 85 kila siku, tafuta sababu.
- Sababu kubwa ni nne: vumbi, feni iliyochoka, pesti iliyokauka na mahali pabaya ilipowekwa kompyuta.
- Prosesa hujikinga yenyewe kwa kupunguza kasi au kuzima. Kwa hiyo kuzimika hakumaanishi kwamba imeungua.
- Pima kabla ya kununua chochote, na pima tena baada ya kila hatua.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno

Watu wengi huita boksi zima la kompyuta "CPU". Mafundi nao hutumia neno hilohilo kwa kitu kingine: kipande kidogo cha mraba kilichomo ndani ya boksi, ambacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Hapa tutakiita prosesa, na boksi tutaliita boksi. Tofauti hii ni muhimu. Ukiambiwa "CPU imekufa", uliza ni ipi, boksi lote au prosesa peke yake.

Juu ya prosesa kuna pande la alumini, wakati mwingine lenye shaba, lililochanwachanwa kama kitana. Mafundi huliita hitisinki. Kazi yake ni kunyonya joto na kulitawanya. Juu ya hitisinki, au ubavuni mwake, kuna feni. Kati ya prosesa na hitisinki kuna utando mwembamba wa pesti, aghalabu ya rangi ya kijivu au nyeupe. Vyote hivi vimekaa juu ya ubao mkubwa unaoitwa madabodi.

Joto linatoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini zimetengenezwa kutoa takriban wati 65 zikifanya kazi nzito. Fikiria balbu ya zamani ya wati 60, ile ambayo ukiigusa inakuunguza. Sasa fikiria joto lake lote limebanwa kwenye eneo linalolingana na ukucha wa kidole gumba. Bila kitu cha kuliondoa, joto hilo hupanda mpaka kikomo kwa muda mfupi sana.

Kuliondoa ni kazi ya kupokezana. Prosesa inalikabidhi kwa pesti, pesti inalipeleka kwenye hitisinki, hitisinki inalitoa kwenye hewa, feni inaisukuma hewa hiyo, na mwisho hewa ya moto inatoka nje ya boksi kwa matundu ya nyuma. Mmoja akishindwa, wote waliomtangulia wanalemewa. Kutafuta tatizo la joto ni kutafuta nani ameshindwa kupokea.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni hewa ya chumbani. Feni haitengenezi ubaridi. Inachofanya ni kuleta hewa ya chumba, basi. Tuseme kompyuta yako ina nyuzi 60 chumba kikiwa na nyuzi 24. Chumba kikifika nyuzi 36, tegemea prosesa kufika kwenye 72 kwa kazi ileile, bila kitu chochote kuharibika. Ndiyo maana kompyuta inayovumilia asubuhi huzimika saa nane mchana, hasa kwenye nyumba ya bati isiyo na dari.

Dalili za kutambua

Kompyuta yenye joto kupita kiasi huonyesha dalili kabla ya kuzimika:

- Feni inapiga kelele muda wote, hata kama hujafungua kitu kizito.
- Kompyuta inakuwa nzito baada ya dakika 10 au 20, lakini ukiizima na kuipumzisha inaamka ikiwa nyepesi.
- Inazimika ghafla kama iliyochomolewa, na ukiiwasha papo hapo inazimika tena mapema zaidi.
- Ukiwasha, kioo kinaandika onyo. Maneno "CPU Fan Error" maana yake feni ya prosesa haizunguki au haijaunganishwa. Kwenye kompyuta za Dell unaweza kuona sentensi yenye maneno "thermal event", yaani ilizimika mara ya mwisho kwa sababu ya joto.

Kuwa nzito na kuzimika ni ulinzi. Prosesa ina kipimajoto ndani yake. Joto likikaribia kikomo inapunguza kasi ili itoe joto kidogo. Likiendelea kupanda, inaamuru kompyuta izimike. Ulinzi huu ndio unaofanya prosesa zisiungue ovyo. Vinavyoumia polepole ni vya jirani: kapasita za madabodi, zile zinazofanana na vikopo vidogo, hupungukiwa umri kadiri zinavyokaa kwenye joto, na kuzimika kwa ghafla kunaweza kuharibu mafaili yaliyokuwa wazi au hata Windows yenyewe.

Ni joto au ni umeme?

Swali hili lina gharama, kwa sababu wapo wanaonunua UPS au stebilaiza kisha kompyuta inaendelea kuzimika vilevile. UPS haisaidii lolote dhidi ya joto.

Angalia mambo matatu. Kwanza, je, taa au feni ya chumbani ilitikisika wakati kompyuta inazimika? Kama ndiyo, shuku umeme. Pili, je, huzimika baada ya muda unaofanana wa kazi, na zaidi mchana kuliko usiku? Shuku joto. Tatu, na hili ndilo la uhakika, prosesa ilikuwa na nyuzi ngapi dakika moja kabla ya kuzimika? Kama ilikuwa 98, umepata jibu. Kama ilikuwa 55, acha kusumbua prosesa na umwombe fundi aangalie pawa saplai, ramu na nyaya.

Namna ya kupima

Zipo programu za bure za kusoma joto la prosesa, kama Core Temp, HWMonitor na HWiNFO. Ni ndogo, unaweza kuzipakua mjini na kuzibeba kwenye flashi. Zichukue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, kwani tovuti za kubahatisha huambatisha virusi. Usitegemee dirisha la Task Manager la Windows kwa kazi hii. Joto linaloweza kuonekana pale ni la kadi ya picha, siyo la prosesa.

Njia nyingine ni ukurasa wa BIOS, unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu unapowasha: mara nyingi F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, na Del kwa kompyuta nyingi za kuunganishwa. Baadhi huonyesha joto hapo, nyingine hazionyeshi. Jua pia kwamba ndani ya BIOS prosesa haipumziki kama ndani ya Windows, hivyo namba yake huwa juu kidogo.

Pima mara mbili: dakika 10 baada ya kuwasha bila kufungua kitu, kisha baada ya dakika 15 za kazi yako ya kawaida. Andika daftarini namba zote mbili, saa, na hali ya chumba. Linganisha hivi:

- Nyuzi 35 hadi 50 ikiwa imetulia: ni salama. Chumba kikiwa cha moto, hata 55 si ajabu.
- Nyuzi 50 hadi 75 ikiwa kazini: ni kawaida.
- Nyuzi 80 hadi 90 kwa kazi nyepesi: kuna kitu kimeziba au kimechoka.
- Zaidi ya 95: imefika kwenye kikomo au inakikaribia. Hifadhi kazi, zima.

Kikomo hutofautiana. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha takriban nyuzi 100. AMD Ryzen nyingi ni 95 au pungufu kidogo. AMD za zamani kama Athlon II na Phenom II zinapaswa kubaki chini zaidi, kwenye 60 hadi 70. Kwa upande mwingine, baadhi ya prosesa mpya zenye nguvu zimetengenezwa kuvumilia nyuzi 90 na kitu wakati wa kazi nzito. Andika jina kamili la prosesa yako kwenye simu utafute ukurasa wa mtengenezaji. Kikomo huwa kimetajwa.

Hatua ya 1: Mahali ilipowekwa

Hatua hii haina gharama. Toa boksi sakafuni, ambako vumbi ndilo linaanzia. Liweke juu ya meza au stuli imara. Acha nafasi ya kama sentimita 15 kati ya mgongo wa boksi na ukuta, kwa sababu nyuma ndiko hewa ya moto inakotokea. Usilifungie kwenye kabati la meza. Usiliweke dirishani linapopigwa na jua, wala karibu na jiko la chipsi lenye moshi wa mafuta, kwa kuwa mafuta yakishika vumbi yanakuwa tope gumu kwenye hitisinki.

Kuna desturi nzuri ya kufunika kompyuta kwa kitambaa ili isishike vumbi. Endelea nayo, ila ufunike kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa. Ondoa kitambaa chote kabla ya kuwasha. Kitambaa kilichosahaulika juu ya matundu ni blanketi kwa mgonjwa mwenye homa.

Hatua ya 2: Kutoa vumbi

Kama boksi halijafunguliwa kwa mwaka mzima, anza hapa. Vumbi huziba nafasi kati ya meno ya hitisinki hadi kuwa kama mkeka. Feni inazunguka, lakini hewa haipiti. Boksi lenye matundu wazi pia hukaribisha mende, siafu, mijusi, hata panya anayejenga kiota.

Fuata mpangilio huu:

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Subiri nusu saa ipoe.
2. Toa boksi nje ya nyumba, mahali pa kivuli. Jifunge kitambaa puani.
3. Fungua ubavu wa boksi. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika chuma cha boksi kwa mkono mtupu ili umeme tuli wa mwilini ushuke.
4. Piga picha kwa simu kuonyesha kila waya ulipochomekwa. Picha hiyo itakuokoa wakati wa kurudishia.
5. Lainisha vumbi kwa brashi ya rangi iliyo mpya na kavu, kisha lipulize kwa blowa ndogo au kopo la hewa. Anza na hitisinki, halafu feni, halafu matundu ya mbele na ya nyuma.
6. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo mkali hukimbia kupita kasi yake na kuharibika.

Yapo mambo ya kuepuka. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji. Usitumie kitambaa kibichi. Kama unapeleka boksi gereji kwa hewa ya kujazia matairi, jihadhari: mitungi hiyo hukusanya maji ndani na nguvu yake inaweza kung'oa vitu vidogo kwenye madabodi. Mwambie fundi amwage maji ya mtungi kwanza, apunguze presha na asogee mbali.

Usifungue pawa saplai, lile boksi dogo la chuma ambamo waya wa umeme huingia. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya. Puliza vumbi lake kupitia matundu ya nje tu.

Funga boksi, washa, pima tena. Linganisha na namba za daftarini. Kama joto limeshuka kwa nyuzi 15 na kompyuta haizimiki, umemaliza. Hukuhitaji prosesa mpya.

Hatua ya 3: Kuangalia feni

Ubavu ukiwa wazi, washa na utazame feni ya prosesa bila kuingiza mkono. Inatakiwa kuzunguka bila kusita. Ikianza kwa kusukumwa, ikikwaruza, au ikizunguka polepole wakati joto linapanda, imechoka.

Wengine hudondoshea tone la mafuta ya cherehani chini ya karatasi ya katikati ya feni, nayo huzunguka vizuri kwa wiki au miezi kadhaa. Ni msaada wa muda unapongoja feni mpya. Usitumie mafuta ya kula. Yanaganda na kuikamata kabisa. Unapokwenda kununua, nenda na ile ya zamani: kipimo chake na idadi ya nyaya, tatu au nne, vinapaswa kufanana. Feni ya waya nne ndiyo inayoruhusu madabodi kupandisha na kushusha kasi vizuri. Ichomeke pale palipoandikwa CPU_FAN.

Angalia pia feni ya nyuma ya boksi. Weka kipande cha karatasi nyuma yake. Kinapaswa kusukumwa nje. Kikivutwa ndani, feni iligeuzwa na inarudisha hewa ya moto. Kwa kawaida hewa iingie mbele, itoke nyuma.

Na kuacha ubavu wazi siku zote, je? Kwa kipimo cha dakika chache inafaa: ubavu ukiwa wazi na joto likashuka sana, umejua kwamba hewa haizunguki ndani ya boksi. Lakini si tiba. Vumbi, mende na vidole vya watoto vyote vinapata mlango.

Hatua ya 4: Kubadilisha pesti

Chuma kikikutana na chuma, huwa kuna mianya midogo isiyoonekana, na mianya hiyo hujaa hewa. Hewa ni kizuizi kibaya cha joto. Pesti inaziba mianya hiyo. Kadiri miaka inavyopita inakauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kompyuta nyingi tunazotumia vijijini ni mitumba iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi ofisini ng'ambo, na pesti yake yaweza kuwa ileile ya kiwandani.

Dalili yake ni hii: joto linaruka hadi 90 ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha, lakini ukizima, ukachomoa waya na kugusa hitisinki kwa tahadhari, unaikuta vuguvugu tu. Joto limekwama kwenye prosesa. Halivuki. Kama hitisinki nayo ni ya moto sana, pesti inafanya kazi na tatizo lipo kwenye hewa: rudi hatua ya 2 na ya 3.

Kama huna uzoefu, hatua hii mwachie fundi, lakini ujue anachotakiwa kufanya. Waya wa feni unachomolewa, hitisinki inalegezwa. Kwenye kompyuta nyingi za Dell na HP ina skrubu nne. Kwenye Intel nyingi za kuunganishwa ina vichwa vinne vya plastiki vinavyozungushwa robo kwa upande wa mshale kisha kuvutwa juu. Kwa AMD zenye pini chini yake, kompyuta iwashwe kwanza dakika chache ili pesti ilainike, izimwe na kuchomolewa, kisha hitisinki izungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Ikivutwa kwa nguvu inaweza kung'oka pamoja na prosesa na kupinda pini.

Pesti ya zamani ifutwe pande zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti, mpaka chuma king'ae. Ikaukie. Kisha pesti mpya iwekwe katikati ya prosesa kiasi cha punje ya choroko. Isizidi hapo, kwani pesti nyingi mno inamwagika pembeni na haisaidii. Hitisinki ishushwe wima, skrubu zikazwe kwa kuvukana pembe kwa pembe, kidogo kidogo. Waya wa feni urudishwe, nao ndio unaosahaulika mara nyingi.

Wapo wanaopaka dawa ya meno au mafuta ya mgando badala ya pesti. Dawa ya meno ina maji. Hufanya kazi muda mfupi, kisha inakauka na tatizo linarudi. Mafuta ya mgando huyeyuka na kutiririka. Pesti halisi huuzwa kwenye bomba dogo la sindano kwa mafundi wa kompyuta, na bomba moja hutosha kompyuta kadhaa. Watu wa kijiji kimoja wanaweza kuchangia.

Hatua ya 5: Kazi inayofanyika bila wewe kujua

Wakati mwingine vyuma vyote ni vizima, lakini prosesa inafanyishwa kazi usiku na mchana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone dirisha la Task Manager. Kama hujafungua kitu na safu ya CPU inaonyesha asilimia 80 au 100 kwa muda mrefu, tazama ni programu gani iko juu.

Inaweza kuwa Windows inajisasisha, na itatulia yenyewe. Inaweza kuwa programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana. Bakiza moja. Na inaweza kuwa kirusi kinachotumia kompyuta yako kumtafutia mtu mwingine sarafu za mtandaoni. Virusi vya aina hiyo husafiri pia kwenye flashi za wateja na programu zilizovunjwa leseni. Safisha kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa.

Kama unangoja feni au pesti na kazi haiwezi kusimama, Windows inakuruhusu kuiwekea prosesa mpaka. Kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya juu zaidi ya mpango unaotumia, kuna kipengele cha kiwango cha juu cha prosesa. Kishushe kutoka 100 hadi 80. Kompyuta itapungua mwendo kidogo, lakini itapunguza joto.

Chumba chenye kompyuta nyingi

Shule yenye kompyuta 20, kila moja na kioo chake zikitumia wati 100, inamwaga chumbani wati 2,000 za joto. Ni sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka chumbani pamoja na wanafunzi. Fungua madirisha ya pande zote mbili ili upepo upite. Zima kompyuta zisizotumika. Dari, hata ya mbao nyepesi, na mti wa kivuli upande wa magharibi husaidia zaidi ya feni ya mezani inayozungusha hewa ileile ya moto. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na ufagie kompyuta zikiwa zimezimwa.

Maswali ya kujiuliza kwa fundi

Ukiambiwa prosesa imeungua, uliza kwa upole: ilikuwa na nyuzi ngapi? Umeijaribu kwenye kompyuta nyingine? Kapasita za madabodi zimevimba? Pesti ilikuwaje ulipofungua? Fundi mzuri hatachukia. Atakuonyesha. Na mwombe akukabidhi kila kifaa cha zamani anachokibadilisha.

Ikizimika sasa hivi, ufanyeje?

Usiiwashe tena na tena. Chomoa, fungua madirisha, subiri nusu saa. Ukiwasha, jambo la kwanza ni kunakili mafaili muhimu kwenye flashi. Baada ya hapo ndipo utafute chanzo. Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi, chomoa ukutani mara moja na usiiwashe mpaka fundi aione.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila wiki: futa vumbi la nje na matundu.
- Kila miezi mitatu, na kila miezi miwili wakati wa kiangazi chenye vumbi jingi: fungua na upulize ndani.
- Kila miaka miwili au mitatu, na kila mara hitisinki inapotolewa: pesti mpya.
- Kila unaposafisha: pima na uandike namba daftarini.

Daftari hilo ndilo litakalokuambia mapema. Kompyuta iliyokuwa na nyuzi 58 mwezi wa sita na sasa ina 71 kwa kazi ileile, kwenye chumba kilekile, inaomba kusafishwa. Ukiisikia wakati huo, haitafika siku ya kuzimika mwanafunzi akiwa anangoja fomu yake.